Soketi ya Nyuma

Ovidio Painemal alikuwa na kifua kilichokwisha, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Siku aliyoamua kwenda Río Mayo kwa pikipiki, hakuna mtu pale Esquel, mji wao wa kusini mwa Argentina, aliyemshinda kwa maneno.

"Nikienda kwa gari nitakuwa mgonjwa aliyeletwa," alimwambia mkewe. "Nikienda kwa pikipiki nitakuwa mtu aliyefika."

"Na nani ataiendesha hiyo pikipiki? Malaika Gabrieli?"

"Wewe."

Zulema alikuwa akimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha yerba, majani yao ya chai. Aliyamimina mpaka yakafurika mezani.

Kila Pasaka, tangu binti yao Noemí akiwa mtoto wa kubebwa, chama cha waendesha pikipiki cha Esquel kilishuka kusini kwa Barabara ya 40 kukutana na wenzao Río Mayo. Huko kulikuwa na mahema, mwanakondoo aliyetundikwa kwenye chuma mbele ya moto, na uongo mwingi kuhusu mwendo na upepo. Ovidio alikuwa fundi umeme, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Upande ule wa milima ilikuwa vigumu kumpata msafiri wa pikipiki ambaye hakuwa na waya za Ovidio chini ya kiti chake. Aliwafungia watu vishikio vya usukani vya kupasha mikono joto, taa za ukungu, chaja za simu, redio za helmeti za kuzungumzia safarini. Rulo, mwoka mikate, mtu mnene wa kucheka ovyo, alitaka afungiwe birika. Ovidio alimwambia, "Kaka, pikipiki yako inashindwa kukubeba wewe, itachemsha maji saa ngapi?" Hata hivyo alimfungia.

Kikohozi kilikuja miaka miwili nyuma, kikohozi kikavu kama shoka kwenye kuni. Daktari aliwaonyesha picha na kuwaeleza kwamba mapafu yalikuwa yakigeuka magumu, kama ngozi iliyosahauliwa juani. Aliuliza kuhusu vumbi, kuhusu sigara, kuhusu ndege wa kufugwa. Jibu lilikuwa hapana, hapana, hapana. "Basi wakati mwingine unakuja tu," alisema daktari, na kwa sauti yake ilionekana naye hakupenda jibu hilo. Tangu hapo Ovidio aliishi na mrija puani, na mashine ndogo ya oksijeni iliyolingana na begi la shule, ikivuma kando yake kama paka aliyeshiba. Ukiichomeka ukutani ilifanya kazi siku nzima. Ukiichomoa ilitegemea betri yake ya ndani, na betri hiyo ilikuwa imechoka. Nyingine waliyoagiza kutoka Buenos Aires ilikuwa bado haijafika.

Zulema alikuwa mpishi wa shule, na kwa miaka mingi alikwenda kazini kwa kipikipiki chake kidogo. Lakini ile kubwa ya safari, yenye masanduku matatu na kioo cha mbele kama cha gari, aliijua kwa kiti cha nyuma tu. Wakaenda kujifunza kwenye uwanja wa maonyesho, ambao wakati huo wa mwaka ulikuwa mtupu. Ovidio alikaa kwenye kiti cha turubai na mashine yake, akitoa amri.

"Gia! Gia, mwanamke! Hiyo si sufuria ya uji, usiikoroge!"

Kwenye kona ya tatu pikipiki ililala chini taratibu, na Zulema akalala nayo. Ovidio alicheka mpaka pumzi ikamwisha, ikabidi Zulema akiache chuma chini amkimbilie, amwinamishe, amsugue mgongo.

"Utakufa kwa kunicheka," alimwambia.

"Kuna vifo vibaya zaidi," alisema Ovidio alipoweza.

Kazi ya waya waliifanya pamoja karakanani, kwa kuwa yeye hakuweza tena kuinama. Aliketi akielekeza, Zulema akapiga magoti.

"Waya mnene, moja kwa moja kutoka kwenye betri. Fyuzi iweke karibu na betri, siyo karibu na soketi. Ukiiweka mbali, waya ukichunika katikati utawaka moto na fyuzi haitajua kitu."

"Na hii ndiyo ya oksijeni?"

"Hiyo. Itoke hapo nyuma, chini ya paja langu la kulia." Akavuta hewa. "Sasa sikiliza. Umeme wa pikipiki si kama wa nyumbani. Altaneta yake ni mwoka mikate mmoja mwenye tanuri dogo. Injini ikizunguka haraka anaoka mikate mingi, ikizunguka polepole anaoka michache. Taa kubwa na cheche za injini ni watoto wa nyumba, wanakula kwanza. Kinachobaki ndicho cha wageni."

"Na wageni ni akina nani?"

"Mashine yangu, fulana yako ya kupasha joto na glavu zako."

Kuhusu glavu hizo Zulema hakuhitaji maelezo. Tangu ujana wake vidole vyake vilikuwa na ugonjwa wa baridi: vikipigwa na upepo kidogo tu vinageuka vyeupe kama mshumaa, vinakufa ganzi, hata kifungo cha blauzi haviwezi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Ovidio alimshonea nyaya nyembamba ndani ya glavu, akaziunganisha na pikipiki. Zulema alisema wakati ule kwamba wanawake wengine huletewa maua.

Ovidio alimfungia mbele kipima umeme chenye mshale. "Mshale ukianguka kwenye wekundu, zima kitu."

"Kitu gani?"

"Taa za ukungu."

"Nikishazizima?"

Ovidio alipuliza vumbi kwenye ncha ya waya ambayo haikuwa na vumbi. "Hatutafika huko," alisema.

Noemí alipiga simu kutoka Neuquén. Alikuwa na watoto wawili wadogo na sauti ya mtu asiyelala. "Mama, usimkubalie. Baba akifia barabarani nitakulaumu wewe, nakuambia mapema."

"Njoo umkataze mwenyewe, mwanangu. Mimi nimeshindwa."

Noemí hakuja.

Wenzao waliondoka Alhamisi Kuu. Siku hiyo Ovidio aliamka midomo ikiwa na rangi ya zabibu, na Zulema akashukuru Mungu kimoyomoyo, akidhani safari imekufa. Lakini Ijumaa aliamka akiimba. Wakaondoka peke yao.

Mpaka Tecka mambo yalikuwa mazuri kuliko alivyotarajia. Lami ilikuwa safi, upepo wa magharibi ulisukuma ubavuni bila ubaya, na guanako, wale wanyama wa porini wenye shingo ndefu, walisimama kwenye nyasi kavu wakiwatazama kama watu waliokatizwa mazungumzo. Mashine ilivuma ndani ya begi kati yao. Mshale ulisimama mahali pake. Na masikioni mwake, kupitia redio ya helmeti, mumewe hakunyamaza.

"Gia ya tano ipo, bibie. Nimeilipia. Itumie."

"Nyamaza uvute hewa yako."

"Lori hilo usilifuate karibu. Linabeba kondoo, watatukojolea."

Katika mji wa Gobernador Costa waliingia kituo cha mafuta, wakanywa kahawa na kula keki za mafuta zilizonyunyiziwa sukari. Ovidio alichomeka mashine ukutani, akamweleza mhudumu wa pampu, ambaye hakuuliza, jinsi mkewe alivyojifunza kuendesha pikipiki kubwa akiwa na miaka sitini na moja. Zulema alijifanya hasikii. Alijisikia fahari hata akaona aibu.

Baada ya hapo mbingu ikashuka. Kulikuwa na kipande cha barabara kilichofumuliwa kwa matengenezo, na magari yalipelekwa kwenye njia ya pembeni, changarawe tupu iliyolegea, mithili ya kuendesha juu ya maharagwe. Upepo sasa ukaja usoni, na mvua iliyochanganyika na theluji ndani yake. Zulema alikwenda taratibu, kwa gia ya pili, akiogopa kuongeza mafuta. Injini ilinguruma chini chini. Akatazama mshale, ulikuwa umeanza kuinama.

Alizima taa za ukungu. Mshale ukainuka kidogo, kisha ukainama tena.

Basi akazima glavu. Akaendelea mwendo, akaona haitoshi, akazima na fulana.

"Una joto huko mbele?" aliuliza Ovidio.

"Kama mkate wa Rulo."

"Vizuri."

Baridi haikumjia polepole; ilimwingia kama maji kwenye kiatu kilichotoboka. Kwanza vidole vilimuuma, kisha vikaacha kuuma, na hapo ndipo ubaya ulipo. Alivuta klachi asiwe na hakika kama kweli ameivuta, ikabidi atazame mkono wake kwa macho ajue unafanya nini. Kwenye rundo la changarawe mkono ulichelewa, injini ikazimika, pikipiki ikayumba. Aliikita miguu yote miwili, akaizuia kwa paja na kwa kelele.

Walisimama hapo, upepo ukiwatikisa. Ovidio aliegemea mbele na kushika mkono wake juu ya glavu. Kisha akaona taa ndogo ya swichi, ambayo ilikuwa haiwaki.

"Umezima."

"Mshale ulikuwa unaanguka."

"Washa, Zulema."

"Siwashi."

"Washa!"

"Nitawasha nikuzime wewe? Hiyo ndiyo hesabu unayoitaka?" Alikuwa akipiga kelele, ingawa redio ilipeleka hata mnong'ono. "Vidole haviui mtu!"

Ovidio alisubiri pumzi imrudie. "Sikiliza. Usipohisi mikono utatuangusha, na hapa hakuna wa kutuokota. Mashine ina betri yake. Itanitosha mpaka lami."

"Betri ile mbovu?"

"Niliipima juzi. Imejirekebisha."

Zulema alijua kwamba betri hazijirekebishi. Alikuwa ameishi na fundi umeme maisha yake yote. Lakini alijua pia kwamba kuhusu mikono mumewe alikuwa anasema kweli, na mvua ilikuwa inazidi, na kabla hajajibu alisikia mlio mdogo nyuma yake, wa plagi kutoka kwenye soketi. Akawasha glavu. Joto liliporudi lilimuuma kuliko baridi yenyewe, machozi yakamtoka ndani ya helmeti, akaondoa pikipiki.

Ovidio alizungumza sana mwanzoni. Alimweleza habari ya mtu wa Comodoro aliyefunga taa nyingi hata pikipiki yake ikawa haiwezi kuwaka asubuhi. Maneno yakapungua. Kisha akasema, "Acha nisikilize upepo kidogo," na Zulema akamwacha.

Changarawe iliisha. Lami nyeusi, iliyolowa, ikanyooka mbele. Zulema aliingiza gia ya nne, kisha ya tano, na injini ikaimba.

"Chomeka sasa, mzee! Umeme upo!"

Ilipita muda. Alisikia mkono wa mumewe ukipapasa kitini.

"Nimechomeka," alisema.

Zulema alitazama mshale. Ulikuwa umesimama juu kabisa, imara, haukutikisika. Akafurahi. Hakuna jambo alilolirudia moyoni baadaye mara nyingi zaidi kuliko furaha hiyo. Alitazama mshale ulio juu akafurahi, akasema Mungu ni mwema, akaongeza mafuta.

Mabonde ya Río Mayo yalifunguka chini yao jioni ikiwa bado na mwanga. Watu wa chama walikuwa nje ya ukumbi, na mmoja aliyetambua muungurumo akapiga yowe. Honi zikalia. Rulo alikuja mbio na aproni yake ya mafuta, mikono imeinuliwa kama kipa.

"Shemeji! Kweli ni wewe mbele? Leo nimeona yote!"

Zulema alihisi uzito wa mumewe mgongoni, uzito wote. Alizima injini, na katika ukimya ule alisikiliza ule mvumo wa paka aliyeshiba. Haukuwepo. Akageuka. Plagi ilikuwa inaning'inia kando ya paja la Ovidio, ikichuruzika maji. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini mshale ulikuwa juu. Yule mgeni wa nyuma hakuwa anakula.

Uso wa Ovidio ulikuwa rangi ya jivu, na alikuwa akitabasamu. "Nimefika," alisema, au midomo yake ilisema.

Walimbeba kwenye kiti mpaka ukumbini, wakamchomekea mashine ukutani, wakamvulisha nguo za mvua na kumfunika mablanketi. Polepole rangi ilirudi. Baada ya saa moja alitaka nyama. Alikula kipande kimoja cha ubavu, akakisifu kana kwamba ni ng'ombe mzima, na watu wakaja mmoja mmoja kuinama mbele yake. Aliwauliza kuhusu waya zao. Kijana wa Sarmiento alimwonyesha taa zake mpya.

"Nani alikufungia hizi?"

"Mwenyewe, mzee."

"Inaonekana. Hata mchinjaji hufunga vizuri zaidi. Kesho niletee, tutazirekebisha."

Watu walicheka. Zulema alikaa pembeni, mikono yake imekumbatia kikombe, asiweze kula.

Kesho haikuja kwa namna hiyo. Jumamosi asubuhi Ovidio alikuwa na homa, na kwenye zahanati ya mji walimwekea mtungi mkubwa na barakoa. Muuguzi alimwambia Zulema ukweli kwa upole: barabara ya kwenda hospitali kubwa ya Comodoro imefungwa kwa upepo, na hata ingekuwa wazi, yeye asingemshauri amsogeze. Zulema aliketi kando ya kitanda.

"Ulisema umechomeka."

Ovidio alisogeza barakoa. "Nilijaribu. Sikuiona soketi. Vidole vyangu navyo vilikufa."

"Ungeniambia!"

"Ungesimama."

"Ndiyo, ningesimama! Ningesimama, ningeshuka, ningeichomeka mwenyewe! Dakika mbili, Ovidio!"

"Najua." Alivuta hewa, akavuta tena. "Ila ulikuwa unaendesha vizuri. Kwa mara ya kwanza gia zote zilikuwa mahali pake. Nilisema, ngoja kidogo. Kisha nikawa sina sauti."

Zulema alitaka kumpiga. Alichukua mkono wake badala yake, akaushika mpaka jioni, akimtukana polepole kwa majina yote aliyomwita tangu ujana wao, na yeye akimsikiliza macho yamefumba. Alfajiri ya Pasaka alikata roho.

Noemí alifika kwa basi Jumatatu. Alimtazama baba yake, kisha akamtazama mama yake, na akasema mbele ya Rulo na watu wote, "Nilikuambia." Zulema alilipokea neno hilo kama mtu anayepokea mzigo unaomhusu.

Jeneza lilipakiwa kwenye pikapu ambayo Rulo alikuja nayo kubeba mahema ya chama. Rulo alimfungulia Zulema mlango. "Panda, shemeji. Pikipiki vijana wataileta."

"Nimeileta mimi, nitairudisha mimi."

Akaendesha nyuma ya pikapu siku nzima, Noemí akiwa mbele na Rulo, kichwa chake kikionekana kwenye kioo na hakigeuki. Umeme ulikuwa mwingi. Taa za ukungu ziliwaka, glavu ziliwaka, fulana iliwaka, na bado mshale haukushuka, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kugawana naye. Kwenye changarawe alipita vizuri. Hakuna aliyemwambia kuhusu gia. Redio ya helmeti ya nyuma, iliyofungwa kwenye kiti kwa kamba, ilimletea masikioni sauti ya upepo tu, na ilikuwa baada ya Tecka ndipo alipopata nguvu ya kuizima.

Baada ya mazishi Noemí alirudi Neuquén bila kuaga sawasawa. Mashine ya oksijeni ilichukuliwa na watu wa hospitali ikapelekwa kwa mwingine. Betri mpya ilifika Mei, kwenye kisanduku chake, na Zulema akawapelekea hospitali bila kukifungua.

Wakati wa likizo ya majira ya baridi, mwezi Julai, theluji ikiwa imefika kwenye madirisha, Noemí alikuja na watoto. Siku mbili walizungumza habari za supu na soksi. Siku ya tatu, watoto wakiwa nje wanajenga mtu wa theluji, Noemí alisimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Mama. Ilikuwaje?"

Zulema alikuwa akikata vitunguu. Alimweleza yote: glavu, changarawe, plagi. Alipofika kwenye mshale alisimamisha kisu.

"Ulikuwa juu, Noemí. Kama mashine ingekuwa inakula, ungeshuka kidogo. Baba yako alinifundisha hilo kwa mikono yangu mwenyewe, pale karakanani. Niliutazama, na nikafurahi. Nikaongeza mafuta." Alifuta uso kwa mkono uliojaa kitunguu, ikawa mbaya zaidi. "Wewe ulisema utanilaumu. Basi ndilo hilo la kulaumu. Hujawahi kulijua, nakupa."

Watoto walipiga kelele nje. Noemí alikuja, akamnyang'anya mama yake kisu, akakiweka mbali.

"Mimi pia ningefurahi," alisema. "Mtu yeyote aliyempenda angefurahi."

Zulema alikuwa hajalia mbele ya mtu tangu Río Mayo. Alilia hapo, amesimama, paji la uso kwenye bega la binti yake ambaye sasa alikuwa mrefu kumzidi, na Noemí akamshikilia kwa nguvu, naye akilia, akisema, "Nisamehe, mama, nisamehe kwa lile neno," mpaka mtoto mdogo alipoingia na theluji kwenye viatu akauliza kwa nini chakula hakijaiva.